Kengele ya Nyuma

Watu wa siku hizi wana mambo. Kitu kipya hawakitaki mpaka kifanane na kikuukuu. Zile baiskeli za kutembezea wageni mjini zilitoka kiwandani juzi tu, zina mota ndani ya gurudumu na betri ya kuchaji kama ya simu, lakini ukiziona utadhani zimerithiwa. Zimepakwa rangi ya maziwa, tandiko ni la ngozi ya kahawia, taa ya mbele ni ya duara, na betri imefichwa ndani ya kijisanduku cha ngozi ili ionekane kama mfuko wa zana wa babu yako. Mgeni analipa zaidi kwa ajili ya uzee huo wa kubandika. Haya, kila mtu na starehe yake.

Ukipita bandani kwao asubuhi, nyuma ya posta ya zamani, utamkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda katikati ya baiskeli kumi na mbili, kitambaa begani, bisibisi mfukoni. Wanamwita Breki. Anabonyeza tairi, anavuta cheni, halafu anafanya jambo ambalo wageni hulipiga picha bila kulielewa. Anaipiga kengele ya kila baiskeli kwa kidole gumba, kisha anaifunika kwa kiganja na kufumba macho. Anausikiliza mtetemo kwa mkono, kwa sababu mlio haumfikii. Na utaona kila baiskeli ina kioo kidogo cha pembeni kwenye ncha ya usukani. Vioo hivyo vilichelewa kuja, na kuchelewa kwake ndiko kulikomtoa Breki barabarani na kumweka kwenye kigoda.

Breki hakuzaliwa kiziwi. Ujana wake alikuwa fundi baiskeli, kazi aliyofundishwa na mjomba wake, mtu aliyekuwa akimpiga kofi la kisogo kila alipokaza skrubu kupita kiasi. Baadaye baiskeli zikaja za bei ya kutupa, zikiharibika watu wananunua nyingine, akaona njaa inamchungulia mlangoni. Akaenda kiwanda cha mabati. Miaka kumi na moja alisimama kando ya mashine ya kukatia. Kiwanda kilimpa mshahara kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto kikawa kinachukua chake kidogo kidogo. Kwanza alipoteza sauti ya ndege. Kisha kijiko kwenye kikombe. Hakujali, nani analilia kijiko?

Mkewe alikuwa dobi wa hoteli. Walikutana alipompelekea baiskeli yenye pancha tatu kwenye tairi moja, akamwambia, "Usinicheke, fundi, wewe ziba tu." Alimcheka na akaziba, na kwa baiskeli ile hakumtoza hata senti mpaka wakaoana. Mama huyo aliijua migongo yote ya mji, milango ya jikoni, vichochoro vya kupitishia mashuka, ngazi ambazo watalii hawazioni. Walizaa mtoto mmoja wa kike, leo ni msusi mwenye saluni yake.

Kiwanda kilipopunguza watu, ndipo akatokea yule bosi wa baiskeli za kizamani akitafuta kiongozi wa misafara. Alitaka mtu anayejua baiskeli na anayejua mji. Breki alikuwa na vyote viwili, na ulimi juu yake. Alikuwa akisimama mbele ya jengo bovu lenye madirisha ya mbao, akalitia chumvi mpaka mgeni anatoa kitambaa kufuta machozi. Jina la Breki alipewa na bosi huyo huyo, maana kila kona aliikata taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Sasa msafara wa baiskeli hauendi na kiongozi peke yake. Lazima awepo mtu wa mwisho kabisa, wanamwita mkia, wa kuhakikisha hakuna mgeni aliyebaki kwenye duka la kofia. Mkewe akasema kazi hiyo ni yake. Bosi akatabasamu akiangalia mvi zake. Mama akapanda baiskeli, akazunguka banda mara mbili akiwa ameachia mkono mmoja, akashuka. Bosi akaandika jina lake. Ndani ya mwezi mmoja mji mzima ulikuwa unamwita Mama Kengele.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Wakifika njia panda, Breki anavuka, anasimama ng'ambo na kungoja. Mkia akishavuka na mgeni wa mwisho, anapiga kengele mbili fupi, maana yake wote tumo, nenda. Na kengele ndefu isiyokatika maana yake simama, kuna shida. Kugeuka nyuma bosi alikataza, kwa sababu kiongozi akigeuka na mgeni anageuka, na wa nyuma yake anamparamia. Kuhusu vioo, Mama Kengele aliviomba mwaka wa kwanza tu. Bosi akacheka. "Mama, uliona wapi baiskeli ya zamani ina kioo? Mtaniharibia picha." Yakaishia hapo.

Miaka mitatu mambo yalikwenda kama saa. Mwaka wa nne, masikio ya Breki yakaaga. Hayakuaga kwa tangazo. Asubuhi moja alivuka njia panda ya soko la maua, akashusha mguu, akangoja kengele, na kengele haikuja. Alisimama roho juu. Mara yule mgeni wa kwanza nyuma yake akajisogeza ubavuni mwake, akanyoosha mkono juu, akatabasamu. Breki akaelewa kwamba wote wameshavuka, akaenda. Njia panda iliyofuata, yale yale. Kesho yake mgeni mwingine, na mkono ule ule juu. Breki akashukuru Mungu kwa watu wasio na subira.

"Wageni bwana," alikuwa akimwambia mkewe jioni wakinywa chai, "wananihimiza kama nimewaibia. Sijakaa sawa, mtu ameshaninyooshea mkono twende."

Mkewe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Si ndio wanaolipa? Waache wakuhimize."

Breki hakumwambia mkewe kwamba hasikii. Hapo ndipo nataka kugombana naye, lakini nikijiuliza ningefanya nini mimi, nanyamaza. Kiongozi asiyesikia anaondolewa mbele, na kwa umri wake kuondolewa mbele ni kurudishwa nyumbani kukaa. Na sio mshahara tu. Asubuhi zile ndizo zilikuwa maisha yake. Mama Kengele alikuwa na msemo wake wa kidobi, kwamba wageni ni nguo kwenye kamba na wao wawili ndio misumari, mmoja huku, mmoja kule. Breki aliupenda msemo huo kuliko hadithi zake zote. Aliogopa akisema neno, kamba itakatika.

Basi akajifunza hila. Nyumbani alikaa mahali anapoiona midomo ya mkewe. Akishindwa kuisoma, alikuwa na jibu moja la akiba, "kweli kabisa," akilisema kwa kutikisa kichwa polepole kama mtu aliyefikiri sana. Ni jibu zuri. Linafaa hali ya hewa, linafaa siasa, linafaa ugomvi wa majirani. Kwa jibu hilo alipita mwaka mzima bila kukamatwa, au ndivyo alivyodhani.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua la kawaida, wageni saba. Mama Kengele alikuwa akisugua mkono wake wa kushoto wakati wa kufunga helmeti. Breki akamuuliza kwa ishara ya kidevu, una nini? Mkewe akamgeukia vizuri, midomo wazi, akasema, "Nimelalia mkono vibaya." Kisha akaenda kumkazia mkanda mgeni aliyepangwa nyuma ya Breki, mwanamke mwalimu aliyekuwa likizo, akamnong'oneza kitu kirefu sikioni. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Breki aliona, na hakuwaza lolote. Mkewe alikuwa na tabia hiyo ya kupiga soga na mgeni wa kwanza.

Walikwenda soko la maua, wakaenda kituo cha treni kilichofungwa. Pale kituoni akamjia mgeni mmoja mwenye kamera iliyofungwa kwenye usukani na vidude vya muziki masikioni. Alitaka akae nyuma ya Breki wakati wa kupanda mwinuko wa kando ya mto, apate picha nzuri ya kiongozi akiwa mbele. Breki akavimba kichwa kidogo, nani hapendi kurekodiwa? Akamwambia, "Njoo, bwana mkubwa, shika nafasi."

Mwalimu hakutaka kutoka. Alisema neno, akatikisa kichwa, akaonyesha kule mwisho wa msafara ambako Mama Kengele alikuwa ameinama anamrekebishia mgeni tandiko. Breki aliitazama midomo yake, na midomo ya mgeni haisomeki kama ya mke uliyeishi naye miaka thelathini. Akatoa lile jibu lake.

"Kweli kabisa, mwalimu," akamwambia, akimpungia mkono kwa heshima arudi nafasi ya tano. "Kweli kabisa."

Mwalimu akarudi nafasi ya tano.

Barabara ile ya mto haina njia panda, ni mwinuko mmoja mrefu, magari hayapiti, na baiskeli za umeme hazina kelele. Breki alipanda taratibu kama kawaida yake, mwenye kamera nyuma. Walipofika juu, mahali pa kutazamia daraja, akashuka na kuanza hadithi ya mafundi ndugu wawili waliojenga daraja kila mmoja kutoka ukingo wake bila kusemezana kwa sababu ya ugomvi, mpaka walipokutana katikati. Siku hiyo aliisimulia vizuri kuliko siku zote, uso ameuelekeza darajani. Dakika kumi nzima. Alipomaliza ndipo alipoona kwamba anamsimulia mtu mmoja.

Kisha mwalimu akatokea kwenye kilele cha mwinuko, hana helmeti, mdomo wazi. Uso ule haukuhitaji masikio.

Mama Kengele alikuwa kando ya barabara, sweta la mgeni chini ya kichwa chake, baiskeli imeegemezwa vizuri ukutani. Gari la wagonjwa lilikuja upesi na halikumfaa. Daktari akasema ni moyo. Bosi akasema imekuwa ghafla. Majirani wakaja wakasema ghafla, na shangazi mmoja wa marehemu akamshika Breki mikono yote miwili, akamwambia, akitamka vizuri, "Jipe moyo, mwanangu. Hakupata hata nafasi ya kuita."

Neno hilo Breki alilishika kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Hakupata nafasi ya kuita. Kama hakuita, basi hakuna aliyeitwa akaacha kuja. Alilala nalo, akaamka nalo. Hakumuuliza mtu yeyote kama kengele ililia, kwa sababu mtu aliyekuwa mbele anapaswa kujua mwenyewe, na kuuliza kungekuwa kusema yote. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Hawakusema kwamba kilio chenyewe kinaweza kuwa cha msiba wa mwenzako.

Juma la pili baada ya mazishi, vioo vikaletwa. Kumi na viwili, vya duara, fremu ya shaba ya bandia, vizuri tu, havikuharibu picha yoyote. Breki alivifunga mwenyewe. Bosi alisimama mlangoni kwa muda bila kumtazama usoni, akamwambia apumzike mpaka atakapojisikia, akaondoka.

Majuma sita yalipita. Jumapili moja mchana binti yake akaja na mkate na simu mkononi. Yule mwenye kamera alikuwa ametuma video ya siku ile nzima kwa bosi, akaomba ifikishwe kwa familia, kwamba humo mama anaonekana akicheka, pengine wangependa kuwa nayo. Hakuwa ameitazama mpaka mwisho. Bosi naye hakuitazama. Binti akasema, "Nimeingoja niione na wewe, Baba."

Wakaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, wakavuta viti. Kiti cha tatu wakakiacha mahali pake.

Na kweli alikuwemo. Anafunga helmeti, anamchapa mtu begani, anacheka kichwa nyuma. Breki akacheka naye, mara ya kwanza tangu msiba, na binti akamshika mkono. Likaja soko la maua. Kikaja kituo cha treni. Halafu picha ikatulia nyuma ya mgongo wa mtu, barabara ya mto kulia, mwinuko mbele, na mgongo ule ulikuwa wake.

Hakuna kitu kigeni kama mgongo wako mwenyewe. Alilitazama shati lake la bluu. Mkewe ndiye aliyelipiga pasi asubuhi ile, na yule dobi hakuwahi kuacha mkunjo hata siku moja maishani mwake.

"Ona shati," akasema. "Limenyooka mpaka kwenye kola."

Breki akamtazama binti yake, akakuta ameziba mdomo kwa kiganja na machozi yanamshuka mpaka kwenye vidole. Binti aliikamata simu, akasimamisha video. Akasema jambo akiangalia dirishani, Breki hakulipata. Kisha akamgeukia, akamtazama usoni kabisa, akasema polepole.

"Baba. Husikii, sivyo?"

"Kweli kabisa" ilikuwa tayari kwenye ulimi, imeshafika kwenye meno. Aliimeza.

"Sisikii," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Inalia humu ndani. Kengele ya Mama. Haikatiki."

Breki aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Binti akafuta uso kwa kanga ya mezani ambayo mama yake alikuwa ameitandika, akaendelea, maana alikuwa na lake la kutua.

"Mama alijua. Alijua tangu mwaka jana. Alikuuliza kama akuuze kwa jirani, ukamwambia kweli kabisa. Alinisimulia akicheka, halafu akalia. Ndiyo maana kila asubuhi alikuwa anamwomba mgeni wa kwanza, ukisikia kengele yangu mbili, msogelee mzee umnyooshee mkono. Ukisikia ndefu, mshike bega, msimamishe. Nilimwambia, Mama, mwambie tu. Akasema, 'Mwache. Akijua kwamba najua, ataacha kazi. Na mimi nitakuwa mkia wa nani?'"

Breki akaiona mikono yote ile iliyonyooshwa. Mwaka mzima wa mikono, watu wazima, wazee, mabibi, kila mmoja akitabasamu kwa siri aliyopewa. Na yeye akirudi nyumbani kuisimulia kama kichekesho kwa mwenye siri. Kisha akamwona mwalimu, pale kituoni, anatikisa kichwa na kuonyesha nyuma.

"Mwalimu aliniambia," akasema. "Aliniambia amewekwa pale. Nikamjibu kweli kabisa. Nikamtoa, nikaweka mtu mwenye muziki masikioni."

Viziwi wawili mbele, mmoja wa kiwandani na mwingine wa kujitakia. Binti alijaribu kusema kwamba daktari alisema ni moyo, kwamba pengine isingesaidia. Breki alisoma midomo yake mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Irudishe."

"Hapana, Baba."

"Irudishe, mama. Nataka nijue aliniita muda gani."

Binti akaikataa, akaikataa tena, mwisho akairudisha. Akauchukua mkono wa baba yake, akaulaza juu ya meza kiganja chini, akaweka kidole chake juu yake. Shati la bluu likaanza kupanda mwinuko. Kwa muda kidole kilitulia. Kisha kikaanza kugonga, haraka haraka, bila kupumzika, kwa nguvu mpaka mishipa ya mkono wake ikakihisi. Breki alitazama mgongo wake na kuhesabu. Alifika arobaini, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kidole kikaanza kupungua nguvu. Pengine ni mkewe aliyekuwa anachoka, pengine ni Breki na mwenye kamera waliokuwa wanakwenda mbali, kwenye simu hakuna wa kukuambia. Kikawa kinagusa tu, kama mtu anayebisha mlango wa chumba chenye mgonjwa. Kisha binti akakiinua kidole, akakishika kwa mkono wake mwingine.

Kwenye simu shati lilikuwa bado linapanda, taratibu, limenyooka, halina haraka yoyote.